Paswedi ya Shemeji

Kioo cha kompyuta kilikataa tena siku ambayo hakikutakiwa kukataa. Ashrafu alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza, akiusukuma waya wa kioo kwenye tundu lake kwa kidole gumba, na mkewe Johari amesimama mbele akiangalia. Taa ndogo ya kijani iliwaka. Mashine ikanguruma. Halafu kikatokea kile kiboksi cha buluu walichokizoea, kikawa kinaelea kutoka pembe hii kwenda pembe ile kama mlevi anayetafuta mlango, kikisema kwa Kiingereza kwamba mawimbi yamezidi uwezo. Picha hakuna.

"Zima, washa tena," Johari alisema.

"Nimeshazima mara ngapi?"

"We zima tu, Baba Radhia."

Akazima, akawasha. Kiboksi kikarudi.

Kwenye benchi karibu na mlango wa duka lao la steshenari alikaa Mama Febronia, katibu wa kamati ya msitu kutoka kijiji kimoja cha upande wa Mgori. Alitoka kwake alfajiri juu ya lori la vitunguu, na upepo wa Singida ulikuwa umemjaza vumbi mpaka kwenye kope. Alikuja kuchukua sheria ndogo za msitu wao, kurasa ambazo Johari alikuwa ameziandika kwa wiki nzima, akisoma miandiko ya watu watano tofauti. Saa nane mchana zilipaswa ziwe mezani halmashauri. Zisipofika, zingesubiri kikao kingine, na magari ya mkaa yasingesubiri kikao.

"Kumeharibika?" Mama Febronia aliuliza.

"Hapana, mama. Kioo tu kinasumbua kidogo."

"Na kazi yetu?"

"Ipo ndani."

Mama Febronia akalitazama lile boksi la chuma chini ya meza kama mtu anayeambiwa kwamba mtoto wake yumo kisimani lakini mzima.

Vituko vya kioo vilianza miezi michache nyuma, tangu Rahimu, mdogo wake Ashrafu anayefanya kazi ya kompyuta Dodoma, alipoing'oa programu ya zamani ya kuendeshea mashine, ya kukopi, iliyojaa virusi, na kuweka nyingine iitwayo Linux. Virusi viliisha kweli, hilo Johari hakulikataa. Lakini kioo kikapata tabia. Siku moja herufi zinakuwa kubwa kama za bango la mkutano wa hadhara, ukurasa hauenei. Siku nyingine picha inasogea pembeni. Siku nyingine ndiyo hicho kiboksi. Rahimu anapigiwa simu, anakuja mwisho wa wiki na basi, anakaa, anaandika maneno yake kwenye skrini nyeusi, picha inarudi. Anakunywa chai, anaondoka. Haupiti muda, ugonjwa ni uleule.

Na katikati ya hayo yote Ashrafu alikuwa na kazi yake ya kila siku. Mlango wa duka ulikuwa wa mbao nyembamba, na mtaani watu walishaibiwa redio na hata masufuria. Kwa hiyo kila magharibi aliifungua mashine nzima, kioo, boksi na printa, akaibeba kipande kwa kipande kupita uani mpaka chumbani kwao. Asubuhi akairudisha. Tangu kiwanda cha kuchambua pamba kilipouzwa kwa mtu binafsi na yeye akapunguzwa kazi, huo ndio ulikuwa mzigo pekee aliopewa kubeba.

"Mpigie Rahimu," Johari alisema.

Ashrafu alijifuta vumbi la magoti. Alikuwa anatazama nje, barabarani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba gari fulani lichelewe.

Gari halikuchelewa. Pikapu nyeupe ilisimama mbele ya duka, akashuka Gasto, aliyefanya kazi kiwandani pamoja na Ashrafu na sasa alikuwa dalali wa alizeti. Nyuma yake alishuka mtu mnene aliyevaa saa ya dhahabu ya kung'aa, ambaye Johari hakumjua.

"Hodi wenyewe! Shemeji, habari za asubuhi?" Gasto alikuwa mchangamfu kupita kiasi. "Huyu ni mzee mwenye ile nyumba ya wageni pale Mkiwa njia panda. Amekuja kuiona."

"Kuiona nini?" Johari aliuliza.

Gasto akamtazama Ashrafu. Ashrafu akatazama waya.

"Kompyuta," mgeni alisema, hana habari. "Nimeambiwa ina hali nzuri, na ina printa yake. Nataka wageni wangu waandikwe kisasa." Akainama mbele ya kioo. Kiboksi cha buluu kikapita mbele ya pua yake. "Sasa hii ndiyo nini?"

"Ni kioo tu," Ashrafu alisema haraka. "Ikipata moto kidogo inatulia."

"Ipate moto kama lori?" Mgeni akacheka, akamgeukia Mama Febronia ili wacheke wote. Mama Febronia hakucheka. "Bwana Gasto, mimi umenitoa Mkiwa kuja kuangalia televisheni mbovu?"

"Mzee, subiri kidogo..."

"Hata programu yake si ya kawaida, nasikia. Vijana wangu hawaijui. Hata ukinipa nusu ya bei uliyoitaja, sichukui." Aligonga juu ya kioo kwa kucha, mara mbili, kama mtu anayepima tikiti maji sokoni, akatoka, Gasto akimfuata mbio.

Johari alisogea kwenye printa. Aliinua kitambaa cha kufunikia printa, akakikunja, akakikunja tena. Bei iliyotajwa. Kwa hiyo bei ilishatajwa, na si jana.

"Mama Febronia, nisamehe, narudi sasa hivi," alisema, na akapita mlango wa nyuma kwenda uani. Ashrafu akamfuata, kwa kuwa kubaki dukani na yule mama kulikuwa kugumu zaidi.

Uani, Bi Zabibu, mama yake Ashrafu, alikuwa anapepeta mtama. Mashine ilipoanza kusumbua yeye ndiye aliyekuja na chetezo, akaifukiza ubani mpaka wateja wakakohoa. Alipoona wawili hao wanatoka wakiongozana kimya, aliweka ungo chini.

"Ulitaka kuniuzia kazi yangu," Johari alisema.

"Kazi gani, Johari? Siku mbili inafanya, siku tatu tunaitazama. Gasto ana nafasi kwenye mashine ya kukamua mafuta. Nikitoa sehemu yangu ya fedha, natoka asubuhi, narudi jioni, kama mtu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ndiyo sababu ungeniambia!"

"Sauti," Bi Zabibu alisema. "Kuna mteja dukani. Na wewe, mkwe wangu, usimpandishie mwanamume sauti kwa ajili ya bati lenye kijicho. Nilisema tangu mwanzo, hiyo mashine imetazamwa vibaya. Kabla haijaja mlikuwa mnakula."

"Mama, tulikuwa tunakula kwa kazi gani?"

Bi Zabibu akauchukua ungo wake. Walikuwa wanakula kwa mashine ya taipu ya Johari, na kila mtu pale uani alijua hivyo. Lakini mashine ya taipu sasa haikuwa na wateja. Shule na ofisi zote zilitaka karatasi za kompyuta.

Ashrafu alitaka kusema kitu. Alikuwa na maneno mengi, ya namna anavyopita sokoni watu wakimwita "mume wa steshenari", na ya namna anavyobeba kioo kila magharibi kama mama anavyobeba mtoto. Akasema tu, "Simu hii hapa. Mpigie."

Johari alirudi dukani na simu, akapiga, na Rahimu akapokea kwa sauti ya chini. Alikuwa ofisini Dodoma, na nyuma yake simu nyingine ilikuwa inalia.

"Shemeji, shikamoo. Imerudia?"

"Marahaba. Imerudia, na kuna mtu ana kikao saa nane. Utakuja lini si swali, Rahimu. Niambie nifanye nini mimi mwenyewe, sasa hivi."

Rahimu akaanza kumwelekeza. Bonyeza hiki na hiki na hiki kwa pamoja. Johari akabonyeza, na kiboksi kikatoweka. Skrini ikawa nyeusi, na juu yake mstari wa herufi nyeupe ukatulia, unasomeka vizuri kabisa. Mama Febronia alijikuta amesimama.

"Naona maandishi!" Johari alisema.

"Vizuri sana. Hapo ndipo mimi hutengenezea. Sasa itabidi uingie kwa jina la mkuu wa mashine, halafu paswedi yake, lile neno la siri."

"Haya. Paswedi ni nini?"

Ile simu nyingine ya ofisini ikaendelea kulia.

"Rahimu?"

"Shemeji, hiyo... hiyo siwezi kukutajia kwenye simu. Nipo na watu hapa. Na ukikosea hapo neno moja, unaweza kufuta kila kitu. Nitakuja Jumamosi."

Johari alihisi masikio yanapata moto. Aliuangalia ule mstari mweupe unaopepesa, umesimama mlangoni mwa mashine iliyo juu ya meza yake, ndani ya duka lake, ukimuuliza neno ambalo lilikuwa Dodoma kwenye kichwa cha mtu mwingine. Nyuma yake Ashrafu alisikia kila kitu, maana simu ilikuwa na sauti kubwa. Mama Febronia naye alisikia, na kwa heshima akajifanya anafunga upya kilemba chake.

"Kuna njia nyingine?" Johari aliuliza taratibu.

Rahimu akafikiri. Pengine na yeye aliona aibu. "Sikiliza," alisema. "Ile yenye kiboksi, picha yake ipo. Kompyuta inaitoa, ila inaitoa kubwa mno, kioo hakiwezi kuionyesha. Lakini ndani kila kitu kinafanya kazi kama kawaida. Wewe ulisomea taipu, si ndiyo? Unaandika bila kuangalia?"

"Tulikuwa tunafunikwa mikono kwa kitambaa."

"Basi leo tumefunikwa kioo. Rudi kwenye kiboksi."

Alimpa vitufe vya kurudia. Kiboksi kikaanza tena matembezi yake. Johari akavuta kiti, akakaa wima kama alivyofundishwa, vidole kwenye mstari wa kati. Aliiwasha mashine upya ili aanze mwanzo, akangoja. Ikapiga ile sauti yake ya ngoma, fupi, ya kusema kwamba ipo tayari kuuliza jina.

"Umesikia ngoma? Andika jina lako, bonyeza ingiza. Halafu paswedi yako, ile ndogo unayoingilia kila siku, ingiza."

Akaandika. Wakangoja. Kitaa chekundu mbele ya boksi kikachezacheza.

"Sasa bonyeza Alt na F2 pamoja. Kuna kidirisha kimefunguka. Hukioni lakini kipo. Andika jina la programu ya kuandikia, acha nafasi, halafu jina la faili lako kama ulivyolihifadhi."

Akaandika, akabonyeza. Kitaa kikawaka mara moja, kikazima. Nje upepo ulikuwa unalitikisa bati la kibaraza.

"Haijafungua," Johari alisema. "Inapofungua huwa inahangaika."

"Uliliweka wapi faili?"

Alifumba macho. Aliona mkono wake wa juzi unavyohifadhi. "Nililiweka ndani ya folda. Folda inaitwa Kazi."

"Basi anza na jina la folda, K kubwa, halafu mkwaju, kile kistari kilichoinama, halafu faili. Alt na F2 tena. Na ukiona..."

Simu ikakata. Johari aliitazama, salio lilikuwa limekwisha. Ashrafu alikuwa tayari anapapasa mifuko yake, na mifuko yake haikuwa na kitu. Akatoka mbio kwenda kibandani kukopa vocha.

Johari hakumngoja. Alt na F2. Programu, nafasi, Kazi na K yake kubwa, mkwaju, faili. Ingiza. Kitaa kikawaka na hakikuzima. Kikahangaika, kikakoroma, kikatulia. Sasa akaingiwa na wasiwasi mwingine. Je, imefungua faili, au imerudi kule mwanzo inamuuliza jina? Hakuwa na namna ya kujua. Akaandika jina lake, johari, akabonyeza ingiza mara mbili bila paswedi, akasubiri ngoma ya kuulizwa jina upya. Ngoma haikulia. Kwa hiyo yupo ndani. Akabonyeza vitufe vya kuchapa, akahesabu pumzi chache, akabonyeza ingiza.

Printa haikusema kitu.

"Mungu wangu," Mama Febronia alinong'ona kwa Kinyaturu, na Johari alilielewa neno hilo ingawa lugha hiyo hakuijua vizuri.

Halafu printa ikakohoa. Ikavuta karatasi, ikasita, ikaitema. Ashrafu aliingia na vocha mkononi akaikuta karatasi ya pili inatoka. Akasimama pale mlangoni, kifua kinapanda na kushuka, akaitazama moja baada ya nyingine ikitoka kwenye mashine ambayo kioo chake bado kilikuwa kinaonyesha kiboksi.

Mama Febronia aliuchukua ukurasa wa kwanza kwa mikono miwili. Akausoma. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, hapa juu pameandikwa johari. Juu ya 'Sheria Ndogo za Msitu'. Na kwa herufi ndogo."

Johari akaukurupukia. Kweli, jina lake lilikuwa limekaa pale juu kabisa, kama sahihi ya mtu asiye na adabu. Alicheka kidogo, kicheko cha woga, akafungua droo akatoa Tipeksi. Akalifuta jina, akalipuliza likauka. Ukurasa ukabaki na doa jeupe.

"Watauliza hili doa," Mama Febronia alisema.

"Wakiuliza, waambie mwandishi alikosea."

"Mimi nitawaambia aliandika gizani." Akazifunga karatasi kwenye khanga yake, akalipa alichokuwa nacho, akaahidi kilichobaki, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea halmashauri, kichwa amekiinamishia upepo.

Mle dukani wakabaki wawili. Ashrafu aliiweka ile vocha juu ya meza.

"Nimeikopa bure," alisema.

"Si bure. Tutampigia Rahimu aje Jumamosi kama alivyosema."

Ashrafu akasubiri mkewe aongeze neno juu ya Gasto, juu ya mgeni wa Mkiwa. Hakuongeza. Ilikuwa afadhali angeongeza.

Rahimu alikuja Jumamosi na basi la mchana, amevaa shati lililopigwa pasi, na begi la mgongoni. Alimwamkia mama yake, akala, akaingia dukani. Kompyuta ilikuwa bado chumbani. Aliibeba yeye mwenyewe, akaipanga, akaiunganisha. Akawasha. Kioo kikaonyesha picha safi, kubwa kama inavyotakiwa, kana kwamba hakijawahi kumsumbua mtu.

"Mbona nzima?" alisema.

Bi Zabibu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akapiga kofi. "Si niliwaambia? Inawachezea."

Rahimu alitabasamu kwa kuchoka. "Tatizo hili, shemeji, ni la mazungumzo. Mashine ikiwaka, inakiuliza kioo, wewe ni kioo gani, unaweza picha ya ukubwa gani? Kioo kinajibu kupitia waya. Kikijibu, sawa. Kisipojibu, mashine inabahatisha. Ndiyo unaona kubwa, ndogo, au kiboksi. Mimi nikija huwa naiamuru iulize upya."

"Na kwa nini kisijibu?" Johari aliuliza.

"Hapo ndipo sijajua. Inaweza kuwa kadi ya picha, inaweza kuwa Linux yenyewe. Linux haina makosa mengi ila..."

"Wiki yote ilikataa. Leo imekubali. Leo kuna nini?"

Rahimu akainua mabega. Ashrafu ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, sauti yake ikiwa chini.

"Leo umechomeka wewe," alimwambia mdogo wake. "Siku zote nachomeka mimi."

Wakamtazama. Uso wake ulikuwa umejikaza.

"Huwa unakuwa mgumu ule waya. Nausukuma. Mara nyingine nauingiza umepinda, nausukuma hivyohivyo, kwa sababu wateja wanatazama."

Rahimu aliizima mashine, akachomoa waya, wakaenda nao mlangoni kwenye mwanga. Ndani ya kichwa cha waya kulikuwa na vijisindano vyembamba, vimepangwa kwa safu. Kimoja kilikuwa kimelala ubavu, kimegusa ukuta, kimekwaruzwa mpaka kimekuwa cheupe.

"Hiki," Rahimu alisema. "Hiki ndicho cha kujibia. Kikigusa, kioo kinajibu. Kisipogusa, bubu." Akakigusa kwa ukucha. "Nimekuja huku mara zote hizo, na sijawahi kuuangalia waya."

Johari alileta kibanio chake cha nyusi. Rahimu akakiinua kile kijisindano polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Kikasimama, ila hakikusimama vizuri.

"Kimechoka. Kikipindwa tena kitakatika. Huu waya ukishachomekwa usichomolewe tena. Mashine ikae hapahapa."

"Ikae hapa ili ikaibwe?" Bi Zabibu alisema.

Rahimu alichomeka waya, akakaza vile viparafujo vya pembeni ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvikaza, akawasha. Picha ikaja. Akaingia kule kwenye skrini nyeusi, akaandika maneno yake, na safari hii akayaeleza kwa sauti: hata kioo kisipojibu, mashine isibahatishe, ishike ukubwa huu tu. Johari alikuwa amesimama nyuma ya bega lake akiyafuata kwa midomo. Alipomaliza, Rahimu akaanza kuikunjua mikono ya shati lake.

"Sasa paswedi," Johari alisema.

"Shemeji, tumeshatengeneza. Haitakusumbua tena."

"Paswedi, Rahimu."

"Ukiingia kule ukikosea..."

"Nilikosea juzi. Jina langu lilitoka juu ya sheria za watu. Nikalifuta kwa Tipeksi, kazi ikaenda."

Rahimu alimtazama mama yake, kama anavyofanya kila mtoto wa mwisho. Bi Zabibu akajirekebisha kwenye benchi. "Kama lazima itolewe," alisema, "mpe ndugu yako. Mwenye nyumba ni mwanamume."

Hilo Rahimu aliliona ni jema. Lilimwondoa kwenye kona. Akachukua kipande cha karatasi, akamgeukia Ashrafu, kalamu mkononi. "Kaka, nikuandikie wewe?"

Johari hakuingilia. Aliiweka mikono yake nyuma ya kiti na kumtazama mumewe, na mara hii hakuficha kwamba anamtazama.

Ashrafu aliitazama ile kalamu. Mashine ile angeweza kuiuza wiki ile ile kama kioo kingekuwa kimekubali, na hilo walilijua wote waliokuwamo mle. Aliusogeza ule mkono wenye kalamu, taratibu, kama anavyosogezwa mtoto mbali na jiko.

"Mimi hata barua huandikiwa," alisema. "Nitaipeleka wapi? Mpe mwenye kazi."

"Lakini kaka..."

"Mpe, Rahimu. Na kama kuna namna ya kuibadilisha, mfundishe aibadilishe. Isiwe ya kwako wala ya kwangu."

Bi Zabibu alijifunga khanga yake vizuri. Aliinuka, akaenda uani, na baada ya muda wakasikia ungo.

Rahimu akampisha Johari kiti. Akamtajia paswedi ya zamani kwa kunong'ona, ilikuwa jina la timu ya mpira na mwaka, na Johari karibu acheke. Akamwonyesha amri ya kuibadilisha. Skrini ikauliza neno jipya. Vidole vya Johari vikakaa kwenye mstari wa kati, vikangoja.

"Andika tu," Rahimu alisema. "Haitaonekana."

"Najua haitaonekana. Ila wewe unaangalia vidole."

Rahimu akageuza uso ukutani. Ashrafu naye, bila kuambiwa, akageuza wa kwake barabarani.

Mama Febronia alirudi baada ya wiki mbili akiwa na karatasi zilezile zimejaa wino mwekundu. Zilifika kwa wakati, alisema. Ziliposomwa diwani mmoja alisimama kuzipinga na mwingine akasimama kuzitetea, na mwisho wakaambiwa warekebishe vipengele kadhaa ndipo zirudi. Magari ya mkaa bado yalikuwa yanapita, ila sasa yanapita usiku, na hilo kamati ililiona ni dalili.

"Utaandika lini?"

"Sasa hivi," Johari alisema. "Kaa."

Siku hiyohiyo jioni, kabla ya adhana ya magharibi, Ashrafu alitoka chumbani na godoro kichwani. Ndivyo walivyokubaliana: fedha ya geti la chuma haikuwepo, waya hautachomolewa, basi lazima mtu alale dukani. Wiki zile mbili alilala kwenye mkeka, mgongo ukakataa. Njia fupi ya uani ilikuwa imezibwa na kuni za mama yake, kwa hiyo alizunguka kwa mbele, barabarani, watu wakiwa wamejaa vibarazani. Wanawake wa nyumba ya jirani waliacha kusukana nywele. Mtu mmoja akamnong'oneza mwenzake, na wote wakamfuata kwa macho, mume wa steshenari na godoro lake.

Gasto alikuwa anapita na baiskeli. Akafunga breki.

"Ashrafu! Amekufukuza?"

Ashrafu alisimama. Upepo ulilishika godoro ukataka kuligeuza, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Hapana," alisema. "Nimeajiriwa."

Gasto akacheka, akamngoja na yeye acheke. Ashrafu akaupiga mlango wa duka teke dogo ukafunguka. Ndani Johari alikuwa bado anaandika, Mama Febronia anamsomea, na mwanga wa kioo uliwaangukia wote wawili usoni. Akaingia na godoro lake, akatafuta ukuta wa kulilaza.